Jiko si mchumba, usilale nalo!

Kama uko Dar au Tanga na unasoma gazeti hili huku feni inakupepea, utashangaa nikikuambia kwamba wiki hii nataka kuongelea baridi. Usifunue ukurasa kwanza. Na lako la joto limo humu humu, tutalifikia.

Mimi naandika kutoka Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Wilaya yetu ina vituko vya hali ya hewa. Ukishuka Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, jasho linakutoka umekaa tu hujafanya kazi yoyote. Ukipanda kuelekea Tunduma, mpakani na Zambia, mwezi wa sita na wa saba unakuta vijana wamevaa majaketi mawili mawili ya mitumba na mikono wameificha makwapani. Wala si maajabu. Kila ukipanda mita 1,000 kwenda juu, joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Nchi ndiyo ilivyoumbwa.

Sasa sikia kisa. Kabla sijahamia Chitete nilikuwa na geto Tunduma, chumba kimoja, nalala na mshikaji wangu ambaye alikuwa anapiga deiwaka kwenye malori pale mpakani. Chumba chenyewe bati juu, siling bodi hakuna, dirisha kioo kimoja kimevunjika, sakafu saruji tupu. Julai ikaingia. Maji ya kuogea ukiyagusa asubuhi unatafakari upya umuhimu wa usafi.

Usiku mmoja tukaazima jiko la mkaa la mama mwenye nyumba, tukasonga ugali wetu barazani, tukala na dagaa. Jiko likabaki na makaa mekundu, mazuri, hayatoi moshi hata chembe. Mshikaji akasema, "Mwana, moto wote huu tunauachia upepo? Tuuingize ndani." Tukauingiza. Tukachukua fulana kuukuu tukaziba kile kioo kilichovunjika, tukachukua gunia tukaziba chini ya mlango. Chumba kikawa bomba! Kwa mara ya kwanza tangu Juni ianze nililala nimenyoosha miguu.

Nakumbuka kichwa kilianza kugonga. Nikadhani ni uchovu. Nikataka kuamka ninywe maji, mwili ukakataa. Basi nikaendelea kulala.

Kilichotuokoa ni maandazi. Mama mwenye nyumba alikuwa anachoma maandazi ya kuuza, na saa kumi alfajiri akaja kudai jiko lake. Alibisha, kimya. Akabisha tena kwa hasira, "Nyie wanangu, jiko langu mmelifanyia nini huko ndani? Watu wanataka chai mimi!" Sauti hiyo niliisikia kama inatoka Zambia. Nikajaribu kusimama, miguu ikagoma. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikavuta komeo, nikaanguka miguuni kwake. Mshikaji wangu yeye hata hakugeuka.

Yule mama alipiga ukunga mpaka nyumba ya tatu wakaamka. Mmoja akakimbilia maziwa. Mwingine akasema tumechezewa, kuna mtu ana wivu na kibarua cha mshikaji. Dereva mmoja mtu mzima, mpangaji mwenzetu, ndiye aliyeona jiko. Akafoka, "Acheni maziwa! Watoeni nje wapate hewa, fungua mlango huo na dirisha!" Wakambeba mshikaji, wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali, akawekewa oksijeni. Alizinduka. Mpaka leo akisimuliwa anacheka, lakini anacheka akiangalia pembeni.

KILICHOTAKA KUTUUA

Nilipopata nguvu nikaanza kuuliza watu wanaojua. Ile hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Inatoka pale mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohozi mtu. Ndiyo maana ni hatari kuliko moshi. Moshi wa kuni ni mkorofi lakini ni mkweli, unakutoa machozi na unakufukuza mwenyewe. Hii nyingine inakubembeleza ulale.

Kazi yake ni hii. Damu yako inabeba oksijeni kuipeleka kwenye ubongo na moyo. Kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni inapora viti vya oksijeni kwenye damu, na inaving'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo unavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwilini hakifiki kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu, akili kuchanganyikiwa. Ukiwa macho unaweza kuzielewa. Ukiwa usingizini unapitiliza moja kwa moja.

Hapa kuna imani tatu za mtaani ambazo nataka tuzizike leo. Ya kwanza, eti mkaa ukishawaka ukawa mwekundu bila moshi hauna madhara. Si kweli. Makaa mekundu ndiyo hayo hayo yaliyotulaza sisi. Ya pili, eti ukiweka beseni la maji pembeni linanyonya sumu. Halinyonyi kitu. Ya tatu, eti maziwa yanaondoa sumu. Sumu hii imo kwenye damu, haimo tumboni. Mtu aliyezimia ukimnywesha maziwa unaweza kumpalia ukammaliza wewe.

Ukikuta watu wamelala na jiko na hawaamki, fungua mlango na madirisha, wavute nje, usikae mle ndani kuuliza maswali maana na wewe utaanguka. Kisha hospitali haraka, na ukifika sema wazi kwamba walilala na jiko. Usione aibu. Na usiseme wamerogwa, kwa sababu ukisema hivyo jiko litabaki chumbani na kesho litachukua wengine.

MGONJWA NI NYUMBA

Baada ya pale nilikaa nikajiuliza, hivi kwa nini tulikuwa tunaona baridi ndani karibu sawa na nje? Jibu likaja kwamba kosa letu la kwanza tulilifanya kabla ya jiko. Tulikuwa tunapasha moto chumba kibovu. Ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka halafu unalalamika bomba halina nguvu.

Bati ni jembamba, halitunzi kitu. Mchana jua likiliwaka linaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo linakushukia kichwani. Usiku, mbingu zikiwa wazi, bati linatupa joto lake lote angani na linapoa haraka, wakati mwingine hadi umande unaganda chini yake na kudondoka kitandani. Kwa hiyo nyumba hiyo hiyo inakuunguza Oktoba na inakugandisha Julai. Watu wanadhani ni magonjwa mawili, kumbe ni moja.

Bibi zetu na nyumba zao za nyasi hawakuwa washamba. Nyasi zina hewa imenaswa katikati, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi la kwanza duniani. Paa la nyasi halipitishi jua upesi wala halitupi joto upesi. Tena lilikuwa linapumua, moto wa katikati ya nyumba ukitoa moshi unapenya juu. Si kwamba moshi ule ulikuwa mzuri. Shirika la Afya Duniani linasema moshi na hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo vya watu kama milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ila sisi tumefanya kubwa kuliko bibi. Tumechukua moto wake, tukauingiza kwenye chumba cha saruji, tukaziba matundu yote.

DAWA YA BARIDI

Sasa tuje kwenye vitendo, kwa mtu mwenye mshiko mdogo kama mimi.

Anza na sakafu. Vijana wengi wa geto tunatandika godoro kwenye saruji. Saruji inakunyonya joto usiku kucha. Inua godoro, hata kwa mbao za chaga. Kama huna, tandika maboksi matupu ya dukani kisha mkeka, halafu godoro juu. Na kama una mablanketi mawili, jaribu moja kulilalia na moja kujifunika. Utaona tofauti usiku huo huo.

Pili, vaa soksi na kofia. Wazee wa Mbozi na Ileje hawavai zile kofia za sufu kwa ajili ya mashindano ya urembo.

Tatu, chemsha maji barazani, tia kwenye chupa ya mpira inayouzwa kwa kazi hiyo, funga mfuniko vizuri, ifunge na kanga, weka miguuni. Joto unalipata, na maji hayaui mtu kwa hewa. Ila hakikisha haivuji, na mtoto mchanga usimwekee.

Nne, siling bodi. Hapa ndipo pesa yako inafanya kazi kuliko hita yoyote. Kati ya bati na siling kunabaki hewa, na hewa hiyo ni kama zile nyasi za bibi. Usiku joto la mwili wako na la chumba halikimbilii batini, na mchana joto la bati halikushukii moja kwa moja. Dawa moja, magonjwa mawili. Acha tu matundu ya hewa kule juu kwenye kenchi na ukutani, usizibe kila kitu.

Tano, kioo kilichovunjika kibadilishwe, na mlango unaopwaya upigwe mbao ya chini. Unaziba upepo unaokupiga usoni, lakini tundu la juu la ukuta liache wazi. Hilo ni la kupumulia.

Na jiko? Jiko libaki barazani au uani, kwa heshima zake zote. Kama udongo wake wa ndani umepasuka, usilitupe. Mafundi bati wengi wanabadilisha udongo na kichungi, bati la nje likabaki lile lile. Jiko zima linakula mkaa kidogo kuliko bovu. Lakini nisikudanganye, jiko bora nalo linatoa hewa ile ile. Ubora wake ni kwenye mfuko wako, chumbani halina ruhusa.

WENYE UMEME NAO

Najua kuna wewe unayesema, "Mimi nina LUKU, nitanunua hita." Sawa, tupige hesabu. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa 5 kila usiku, uniti 10 zimekwenda. Sasa mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO, daraja la D1, anauziwa uniti kwa Sh100 kabla ya kodi na makato, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukizipita, bei inaruka hadi Sh350. Hita yako peke yake itamaliza uniti 75 kabla usiku wa nane haujaisha, bila taa, bila pasi, bila kuchaji simu. Na kama chumba hakina siling, hizo pesa zote zinapaa na bati.

Halafu kuna wale wanaowasha jiko la umeme la koili waote moto, kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Shika ule waya baada ya nusu saa. Ukiukuta wa moto, ujue umefuga moto wa pili kitandani.

OKTOBA NAYO INAKUJA

Haya, ndugu yangu wa Kamsamba na wa Dar, sasa zamu yako. Yale ya siling nimeshayasema. Ukiweza, paka bati rangi nyeupe, maana nyeupe inarudisha jua lilikotoka. Panda mti upande wa magharibi, jua la saa tisa alasiri ndilo korofi. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, hewa iingie huku itokee kule. Dirisha moja peke yake ni kama mdomo bila koo.

Na feni, msomaji wangu, haipozi chumba. Inakupoza wewe, kwa kukausha jasho lako. Ukitoka chumbani ukaiacha inazunguka, inapepea kitanda. Lakini kwa bei ni rafiki wa maskini. Feni ya wati 60 ukilala nayo saa 8 haifikishi nusu uniti. Mwezi mzima ni kama uniti 14 na kitu.

Feni ikifa usiizike bado. Kama inaunguruma haizunguki, na ukiisukuma kwa kijiti inaondoka, mara nyingi ni kapasita imechoka, kidude kidogo ambacho fundi anakibadilisha ukiwa umekaa hapo hapo. Kama inazunguka kizembe na kupiga kelele, pengine ni vumbi na bushi zilizokauka. Chomoa kwenye umeme kwanza, futa mapanga, fundi atie mafuta mepesi kama ya cherehani. Ikitoa harufu ya kuungua, hapo mota imeungua na lazima isukwe upya. Uliza bei ya kusuka, linganisha na feni mpya, ndipo uamue. Fundi akikimbilia kusema "hii ni ya kutupa" kabla hajafungua hata skrubu moja, chukua feni yako ondoka polepole.

Wenye viyoyozi nao wasinune. Kile kichujio cha mbele kinachoshika vumbi kinatolewa na kuoshwa. Kikiziba, mashine inahema, umeme unakwenda, ubaridi hauji. Na gesi ya kiyoyozi si kama petroli, haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Fundi anayekujazia kila mwaka bila kutafuta tundu amekufanya shamba lake.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye utata, maana wengi wetu ni wapangaji. Mwenye nyumba anasema, "Mwanangu, hujaridhika, mlango ule pale." Mimi nilipofika Chitete nilijaribu mchongo mwingine. Nilimwendea mzee mwenye nyumba kwa adabu, shikamoo kwanza, nikamwambia, "Mzee, nyumba ni yako na siling itabaki kwako. Mimi nitanunua mbao na bodi, tuandike, kisha tukate kidogo kidogo kwenye kodi." Alicheka, akasema hajawahi kuona mpangaji anayetaka kujenga. Lakini alikubali, tukaandikishana mbele ya balozi. Chumba changu sasa kina siling, na bei ya pango haijapanda. Siahidi kwamba wako atakubali. Naahidi tu kwamba kuomba ni bure, na kwamba karatasi iliyosainiwa ni bora kuliko maneno ya barazani.

Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini mkakati unahusu kupika, na baridi ya Julai haingoji 2034. Kijana wa geto Tunduma, Vwawa, Mbeya au Makete atakapozima taa usiku, ataangalia yale makaa mekundu na kusema maneno yale yale ya mshikaji wangu, kwamba moto wote huu tunauachia upepo.

Jibu, ndugu yangu, ni ndiyo. Uachie upepo. Kama unaona uchungu wa mkaa, mwagia maji au ufukie kwa majivu hukohuko uani, kesho ukaukaushe na kuuwasha tena. Pumzi yako haina utaratibu huo.

Juzi nilipita Tunduma nikaenda kumsalimia yule mama. Maandazi bado anachoma. Jiko lake amelifunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza, na kufuli juu. Nikamuuliza, "Mama, wezi wamezidi?" Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Wezi siwaogopi. Nawaogopa nyie mnaoazima."

Nilinunua maandazi manne nikaondoka zangu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na leo usiku, kabla hujajifunika, angalia jiko liko wapi.